Nasali Macho Wazi

Nilifundishwa kusali nikiwa nimefumba macho. Mama alikuwa mkali kwa hilo. Ukifungua jicho katikati ya Baba Yetu unapata kofi dogo la kisogoni, kisha sala inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Sababu yake ilikuwa ya maana: macho yakitangatanga, moyo huyafuata. Basi nikakua nikiamini kwamba anayesali vizuri ni yule anayeufungia ulimwengu nje, akabaki gizani na Mungu wake. Picha za ukutani kwetu, Moyo Mtakatifu wa Yesu sebuleni na Mama wa Msaada wa Daima chumbani kwa bibi, zilikuwa za kumjulisha mgeni kwamba ameingia nyumba ya Wakatoliki. Kazi nyingine sikuijua.

Nilipokwenda sekondari ya bweni nikaanza hata kuzionea haya. Nusu ya bweni walikuwa wenzetu waliookoka, na sura ya 20 ya kitabu cha Kutoka walikuwa nayo kichwani neno kwa neno. Kila Jumapili jioni nilikuwa naulizwa kwa nini tunaabudu karatasi na plasta. Nami nilikuwa na jibu moja la katekisimu: hatuabudu, tunaheshimu. Jibu hilo ni sahihi, ila halina nguvu likitoka kwa mtu asiyejali hiyo picha yenyewe. Kusema kweli mimi sikuabudu wala sikuheshimu. Nilikuwa napita tu.

Naandika ushuhuda huu kwa sababu hilo limebadilika, na lililolibadilisha si mahubiri wala mafungo. Ni kazi ya kunipatia ugali.

Nina duka dogo la uchapaji Kariakoo. Tunachapa kadi za harusi, fulana, stika za bajaji, mabango ya misiba, na mwaka unapokaribia kwisha, kalenda. Kalenda za parokia na vigango ndizo zinazonilipia kodi ya fremu. Mwaka mmoja akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa parokia fulani wakaniletea oda ya kalenda ya ukutani yenye Mama wa Msaada wa Daima. Picha walinitumia kwa WhatsApp, imepigwa kwa simu juu ya kioo, na taa ya chumba inawaka kwenye bega la Bikira Maria. Mwenyekiti wao, mama mmoja wa heshima asiyependa kurudia maneno, akanipa maelekezo: "Mwanangu, hao malaika wawili wa pembeni watoe. Wanajaza. Upande huu tuwekee Baba Paroko, upande ule mfadhili wetu."

Sikuona ajabu. Kutoa watu kwenye picha ndiyo kazi ya kila siku hapa dukani. Tumeshatoa hadi waume.

Ila ukitaka kumtoa mtu vizuri, sharti umkuze kwanza. Nikatafuta nakala safi zaidi, nikaifungua kwenye kompyuta, nikaikuza mpaka malaika wa kulia, ambaye kwenye kalenda angetoshana na kidole gumba, akajaa kioo kizima. Ndipo nikaona kwamba ameshika kitu. Nilitegemea ua au tarumbeta. Ameshika msalaba na misumari. Tena hakuvishika kwa mikono mitupu. Mikono imefunikwa kitambaa, vile padre anavyoishika monstransi siku ya Baraka ya Sakramenti Kuu. Nikahamia kwa wa kushoto. Huyo ana mkuki, na ufito wenye sifongo, na chombo cha siki.

Nikashuka kwa Mtoto. Maisha yangu yote nilidhani anamtazama mama yake, maana watoto wa kwenye picha huwatazama mama zao. Hamtazami. Shingo imegeuka, macho yamekwenda juu nyuma ya bega lake, upande wa yule malaika mwenye msalaba. Mikono yake yote miwili imeng'ang'ania mkono mmoja wa mama, wenye vidole virefu, uliolegea kidogo, ambao haumbani. Nikashuka zaidi, kwenye miguu. Mguu mmoja, kubadhi limechomoka. Linaning'inia kwa ukanda.

Nikadhani ni uchafu wa skana. Nikafungua nakala nyingine, na nyingine tena. Kubadhi liko kote, linaning'inia vilevile.

Kazi ya malaika sikuimaliza siku hiyo. Jioni nikapitia kwa jirani yetu mmoja, katekista mstaafu ambaye mtaa mzima, Wakristu kwa Waislamu, tunamwita Mwalimu. "Tumsifu Yesu Kristu." "Milele na milele, amina. Karibu." Nikamwonyesha kwenye simu, nikamuuliza kuhusu kile kiatu. Akaiangalia kwa muda, akavaa miwani, akaiangalia tena, ingawa ni wazi alikuwa anaijua. Akasema, "Mtoto kaona vyombo vya mateso yake. Kaogopa. Kakimbilia kwa mama, na mbio zile kiatu kikamtoka. Wewe si ulilelewa na bibi yako chini ya picha hii?"

Nikasema ndiyo, Mwalimu.

"Basi ulikuwa unalala tu."

Akaniambia pia nisome Ruthu, sura ya 4. Huko imeandikwa kwamba zamani katika Israeli, watu wakipatana katika jambo la kukomboa mali, mmoja alivua kiatu chake akampa mwenzake, na hiyo ndiyo ilikuwa hati. Wapo wanaolielewa kubadhi la Mtoto kwa njia hiyo: Mkombozi ameshaanza kuvua. Mwalimu hakunitaka nichague. Zote mbili ninazishika, ijapokuwa ile ya kwanza ndiyo inayoniingia. Kwamba Kristu, akiwa mtoto wa kubebwa, alijua kuogopa, na akawa na mahali pa kukimbilia.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kuuliza. Nilisoma kila nilichoweza kukipata, na nitaeleza machache, maana msomaji huenda ana picha hii nyumbani naye hajui ilikotoka.

Ile ya asili iko Roma, katika kanisa la Mtakatifu Alfonso, Via Merulana, barabara inayotoka Basilika la Maria Mkuu, alikozikwa Papa Fransisko Aprili 2025, kwenda Laterano. Si kubwa. Ni ubao wa sentimita kama 54 kwa 41, yaani ni ndogo kidogo kuliko karatasi ya A2. Mtindo wake ni wa Krete, kisiwa cha Wagiriki kilichokuwa chini ya Venisi katika karne ya 15, ambako mchoraji Andreas Ritzos na wenzake walichora sana Bikira wa namna hii, mwenye malaika waliobeba vyombo vya Mateso. Simulizi ya kale inasema mfanyabiashara mmoja aliiiba huko Krete akaileta Roma, akaugua, na alipokuwa anakufa akamsihi rafiki yake aipeleke kanisani. Mke wa rafiki akaipenda, akakataa kuitoa. Sehemu hiyo ya simulizi mimi naiamini bila ushahidi wowote. Nimeshaona watu wanavyong'ang'ania sampuli dukani kwangu. Mwaka 1499 ndipo ilipowekwa katika kanisa la Mtakatifu Mathayo, nayo ikakaa hapo karibu miaka 300, hadi 1798 majeshi ya Ufaransa yalipolibomoa kanisa hilo. Mapadre Waagustino wakaiokoa, ikaishia kwenye kikanisa chao, na watu wakaisahau. Baadaye mapadre wa shirika la Waredemptoristi walijenga kanisa lao, hilo la Mtakatifu Alfonso, katika eneo lilelile la zamani bila kujua. Padre mmoja wao, Michele Marchi, alikuwa ameiona utotoni alipokuwa mtumishi wa altare. Bruda mmoja mzee alimwonyesha na kumsisitizia asiisahau. Desemba 1865 Papa Pius IX akaamua irudi, na mwaka 1866 Waredemptoristi wakakabidhiwa. Wao ndio walioisambaza duniani kwa nakala, na mojawapo ya nakala hizo, baada ya mikono mingi, ikafika chumbani kwa bibi yangu.

Lakini habari iliyonikamata kwa kola ni nyingine, nayo ni ya biashara. Mwaka huohuo wa 1499, huko Krete, wafanyabiashara wawili waliandikishana mkataba na wachoraji watatu: picha 700 za Bikira Maria, 500 kwa mtindo wa Kilatini na 200 kwa mtindo wa Kigiriki, zikabidhiwe ndani ya siku 45. Nilipoisoma nilicheka peke yangu mpaka kijana wangu wa dukani akageuka. Mia saba kwa siku 45! Hiyo ni oda ya Novemba. Nilikuwa nimewafikiria wachoraji wa ikoni, yaani picha takatifu za namna hii, kuwa wamonaki watupu, wanafunga na kulia mbele ya ubao. Na wamonaki wa hivyo walikuwepo kweli. Ila walikuwepo pia mafundi wenye kodi ya kulipa na mteja anayegonga mlango, ambao hata hivyo hawakuthubutu kumtoa malaika ili kumpisha mfadhili. Waliharakisha, wakarudia nakala ileile mara mia, na kila nakala ikabaki sala.

Kwangu hilo lilikuwa zito. Ikiwa fundi wa Krete aliweza, kwa nini fundi wa Kariakoo ashindwe?

Wanavyoichora pia imenifundisha kitu kuhusu mashine yangu. Mimi naanza na karatasi nyeupe, na kila tone la wino ninaloongeza linapunguza mwanga. Mchoraji wa ikoni anakwenda kinyume. Anachukua ubao, anaubandika kitambaa, anaupaka chokaa iliyochanganywa na gundi tabaka juu ya tabaka, anausugua hadi unateleza, anaweka jani la dhahabu. Kisha rangi, zilizokorogwa kwa kiini cha yai. Uso unaanza ukiwa na rangi ya kiza, kahawia inayoelekea kijani, halafu anaupandishia mwanga kidogo kidogo, na weupe wa mwisho, vistari vichache chini ya jicho na juu ya pua, unakuja mwishoni kabisa. Ndiyo maana nyuso hizo hazina kivuli cha jua linalotoka upande mmoja. Mwanga unatoka ndani.

Sasa nirudi kwenye kusali.

Nilichapa nakala moja kamili, malaika wote ndani, nikaipeleka nyumbani, nikaitundika usawa wa uso wangu nikiwa nimesimama. Usiku wa kwanza nilisimama mbele yake, na kwa mazoea nikafumba macho. Nikajiona wa ajabu. Mtu hawezi kutundika kitu ili akifumbie macho. Nikayafungua, na hapo nikagundua jambo ambalo kwenye kompyuta lilinipita: Mtoto anamtazama malaika, malaika wanaelekea kwa Mtoto, na Bikira Maria peke yake ndiye anayenitazama mimi. Hanitabasamii. Mtoto wake kaogopa, kubadhi limemtoka, na yeye, badala ya kumtazama mwanawe, ananitazama mimi niliyesimama hapa nje na fulana ya kazi yenye madoa ya wino. Ni kama ananiuliza: umeona anachokiona? Nikifumba macho, swali hilo nimelikimbia.

Kufumba macho ni kuzuri, na watakatifu wengi wamesali hivyo. Lakini mimi nikifumba macho nabaki na mawazo yangu, na mawazo yangu mengi ni madeni ya wateja. Picha hii inaniwekea mbele mambo ambayo nisingeyafikiria mwenyewe: mkuki, sifongo, mkono usiobana. Sala yangu ya usiku imekuwa fupi zaidi kwa maneno na ndefu zaidi kwa dakika.

Kisha Mama akapata kiharusi.

Upande wa kulia ulilala, na maneno yakaondoka. Yeye aliyekuwa anaongoza rozari ya jumuiya kwa sauti inayofika barabarani, akawa hawezi kufika hata nusu ya Salamu Maria. Maneno yanamkwama, analia kwa hasira. Kwa mtu wa sala, sijui kama kuna adhabu inayozidi hiyo. Nikamchapia nakala ya A4, nikaipiga nailoni ngumu ili iweze kufutwa, nikaisimamisha kwenye kikabati cha kando ya kitanda, ikiegemea chupa ya maji. Hakuhitaji kuambiwa la kufanya. Saa za asubuhi nilipofika na uji nilikuwa namkuta amegeukia upande huo, macho makavu, wazi kabisa, hana haraka. Wakati mwingine kidole cha mkono wa kushoto, ule mzima, kilikuwa kinatembea juu ya nailoni, kinafuata ukingo wa shela ya Bikira kutoka juu hadi kwenye mkono, kinasimama hapo, kinaanza tena juu. Mke wangu alisema, "Anasali rozari yake." Nami nadhani alisema kweli.

Najua watu wanavyosikiliza ushuhuda. Wanasubiri nifike kwenye muujiza. Sina. Mama alifanyishwa mazoezi, akafanya kwa ubishi uleule aliotulelea, na maneno yakaanza kurudi moja moja. La kwanza kutoka sawasawa lilikuwa lalamiko kwamba uji hauna sukari. Hadi leo anatembelea fimbo. Ninachoshuhudia ni kidogo kuliko muujiza: kwamba katika majuma ambayo hakuweza kusema neno moja kwa Mungu, sala haikumpotea, kwa sababu sala yake ilikuwa na mahali pa kukaa nje ya kichwa chake.

Hapo ndipo nilipoanza kuona upungufu katika maelezo tunayopewa mara nyingi kanisani, kwamba picha ni kitabu cha wasiojua kusoma. Maelezo hayo ni ya kale na ya heshima. Karibu na mwaka 600, Papa Gregori Mkuu alimwandikia Askofu Serenus wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha makanisani mwake kwa kuona watu wanaziabudu. Gregori alimsifu kwa kukataza kuabudu, akamkemea kwa kuvunja, kwa hoja kwamba asiyejua maandishi husoma ukutani. Sawa. Ila Mama anajua kusoma. Amesoma Biblia yote zaidi ya mara moja. Kwake picha haikuwa kitabu cha kumfundisha habari asizozijua. Ilikuwa mtu wa kukaa naye.

Aliyelisema hilo vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Mtakatifu Yohane wa Damasko. Katika karne ya 8, makaisari wa Konstantinopoli walipoanza kuziharibu picha takatifu, yeye alizitetea kwa maandishi, na kinachonifurahisha ni mahali alipokuwa: ndani ya dola ya makhalifa wa Kiislamu, ambako familia yake iliwahi kuwa katika utumishi wa serikali, kisha katika monasteri ya Mar Saba karibu na Yerusalemu. Mkono wa Kaisari haukumfikia. Hoja yake, nikiifupisha kwa maneno yangu: zamani Mungu hakuwa na mwili, kwa hiyo hakuchorwa, lakini sasa amejitwalia mwili, amebebwa, amevalishwa makubadhi, na anayekataa kumchora anakaribia kukana kwamba alionekana. Mtaguso wa mwaka 754 ulioitishwa na Kaisari ukamlaani kwa jina. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ukamrudishia heshima na kufundisha kwamba ibada kamili ni ya Mungu peke yake, na kwamba heshima inayotolewa kwa picha humwendea aliyechorwa.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mchungaji wa kanisa la Kipentekoste, na hayo yote hayamtishi. Yeye ana Hezekia. Katika 2 Wafalme 18:4, mfalme Hezekia anamvunja nyoka wa shaba, yule aliyetengenezwa na Musa kwa amri ya Mungu mwenyewe, kwa sababu watu walikuwa wamefika mahali pa kumfukizia uvumba. "Umeona?" shemeji ananiambia. "Hata kilichoagizwa na Mungu kinaweza kugeuka sanamu. Sembuse kalenda yako." Hiyo ni hoja nzuri, na sipendi Wakatoliki wanaoipuuza. Mtaguso wa Trento wenyewe, katika kikao chake cha mwisho Desemba 1563, uliwaagiza maaskofu kung'oa ushirikina na biashara chafu katika heshima ya picha. Usingeagiza kung'oa kisichokuwepo. Jibu langu kwake ni kwamba asiishie kwenye sura hiyo, afunue ya 19. Mfalme huyohuyo, adui akiwa mlangoni, anaingia Hekaluni na kumwomba Mungu aketiye juu ya makerubi. Nyoka alimvunja, makerubi, walioagizwa katika Kutoka 25, aliwaacha akasali mbele zao. Alijua kutofautisha.

Hatujamalizana. Juzi alikuja dukani kuchapa bango la mkutano wa injili, mita tatu kwa mbili, uso wake na wa mkewe, kila mmoja mkubwa kuliko mlango. Nikamuuliza kama uso wa ukubwa huo hauna neno. "Hakuna atakayeupigia magoti," akasema. Nikamwambia wataupigia picha. Alicheka, akataka punguzo, nikampa.

Na kwetu pia yapo ya kusemwa. Picha mbaya zimejaa, na nyingine zimetoka kwenye mashine yangu. Kuna Yesu mwenye macho ya buluu na mwanga wa zambarau anayeonekana ametoka saluni. Kuna Bikira wa plastiki mwenye taa ndogo zinazowakawaka kwa rangi tatu, unachomeka kwenye umeme. Kuna makanisa ambayo nyuma ya altare huning'inizwa bango jipya kila sikukuu juu ya bango la zamani, mpaka ukuta unaonekana kama stendi ya mabasi. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu Liturujia Takatifu, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, miaka 400 baada ya kikao kile cha Trento, inaagiza desturi ya kuweka picha takatifu makanisani idumishwe, ila ziwe za kiasi na katika mpangilio unaofaa. Watu wengi husikia nusu moja tu ya agizo hilo. Wengine wakavua kuta zikabaki tupu kama za ukumbi wa mikutano. Wengine wakaongeza taa. Desturi ya kale ya kufunika misalaba na sanamu kwa vitambaa vya zambarau kuanzia Jumapili ya tano ya Kwaresima imeniingia akilini siku hizi kuliko zamani: unajua kama picha ilikuwa na maana kwako pale unapoikosa kwa hizo wiki mbili.

Kalenda ile ya WAWATA? Nilimrudia mwenyekiti na picha iliyokuzwa, nikamwekea mezani karatasi moja ya malaika wa msalaba, nyingine ya kubadhi. Akaziangalia, akawaita wenzake wawili waliokuwa wamekaa nje kwenye benchi. Mmoja akasema, "Jamani, kumbe ni Ijumaa Kuu hii." Malaika walibaki. Baba Paroko alipelekwa chini, kwenye safu ya saa za Misa, na yeye mwenyewe alinipigia kushukuru. Mfadhili aliwekwa nyuma ya karatasi ya Desemba na hakufurahi. Mwaka uliofuata kalenda zilidhaminiwa na mwingine.

Siku hizi, mteja akiniletea picha takatifu ya kurekebisha, namwonyesha kwanza kilichomo. Wengi hubadilisha mawazo. Asiyebadilisha namwelekeza fremu ya jirani, nami nimepoteza kazi kadhaa kwa njia hiyo. Mke wangu ana hesabu yake. Na anayeniuliza aanzie wapi, namwambia aanze na ile aliyonayo nyumbani. Aiondoe juu ya friji, au juu ya televisheni ambako hakuna anayeweza kusimama mbele yake. Afute vumbi. Aitundike usawa wa macho, asogee karibu mpaka aone vidole, halafu afuate macho ya Mtoto yanakwenda wapi.

Kwa sasa niko kwenye kamati ya ujenzi ya parokia yetu, na ubishi ni kuhusu ukuta wa nyuma ya altare. Kundi moja linataka vigae vyenye picha, kundi jingine linataka bango la mita nne, ambalo kwa vyovyote ningelichapa mimi na kulipwa. Mimi napigania ubao uliochorwa kwa mkono: Msalaba katikati, Bikira Maria na Mtakatifu Yohane pembeni. Kuna kijana ninayemfahamu aliyejifunza kazi hiyo na anayeifanya kwa utulivu. Mafundi seremala wanasema mninga ukikaushwa vizuri hautapinda. Makisio nimeyapeleka, na mweka hazina alipofika kwenye mstari wa dhahabu alivua miwani, akauliza kama haiwezi kuwa rangi ya kopo. Tumekubaliana dhahabu halisi iwekwe kwenye duara za vichwa tu, na nyuma yote ipakwe rangi ya njano ya udongo, kama wanavyofanya wachoraji wa ikoni wasio na fedha.